Moshi wa Trail

Katika bonde la mto Columbia, upande wa Kanada, umejengwa mji wa Trail na kiwanda chake cha kuyeyushia risasi na zinki. Mwaka 1925 na 1927 kiwanda kiliongezewa minara miwili ya moshi, kila mmoja futi 409. Uyeyushaji ukazidi, na gesi ya salfa ikafuata bonde hadi jimbo la Washington, Marekani. Misonobari ikakauka, wakulima wakalalamika, na hatimaye mwaka 1935 nchi hizo mbili zikaafikiana kulikabidhi shauri kwa wasuluhishi watatu.

Fidia ya dola 78,000 iliyotolewa mwaka 1938 imesahaulika. Kilichobaki ni tamko la mwaka 1941: hakuna nchi yenye haki ya kuitumia ardhi yake, wala kuiacha itumike, kwa namna ambayo moshi wake utamletea jirani madhara makubwa yaliyothibitishwa kwa ushahidi wa wazi. Uzito umo katika hayo maneno ya kuiacha itumike. Kiwanda kilikuwa mali ya kampuni; aliyewajibishwa ni dola ya Kanada.

Kanuni hiyo iliingia katika Azimio la Stockholm la 1972 na la Rio la 1992. Mkataba wa Paris wa 2015 ulikuwa mpole zaidi, kwani uliiachia kila nchi ijipangie kiwango chake cha kupunguza hewa ukaa. Upole huo haukuwaridhisha wanafunzi 27 wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini, ambao mwaka 2019 walizisihi serikali za visiwa vyao zipeleke swali The Hague. Vanuatu ikalibeba. Tarehe 29 Machi 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaliridhia bila kupiga kura.

Katika vikao vya Desemba 2024 Marekani, ile ile iliyolipwa kwa ajili ya misonobari yake, ilitetea kwamba mikataba ya tabianchi ndiyo kauli ya sasa ya wajibu wa nchi, na sheria nyingine zisisomwe kwa namna ya kuuzidisha. Tarehe 23 Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilikataa, kwa kauli moja ya majaji wake. Wajibu wa kutomdhuru mwingine, ilisema, unasimama pia nje ya mikataba. Na nchi isiyoyadhibiti makampuni yake yaweza kuhesabiwa kuwa imeuvunja.

Hata hivyo, maoni hayo ni ya ushauri. Hayakutaja nchi yenye hatia wala kiasi cha fidia. Shauri la Trail lilisikilizwa kwa sababu Kanada ilikubali kusikilizwa. Marekani, tangu 1986, haikubali tena kwa jumla kushtakiwa mbele ya mahakama hiyo.