Pombe na Pool: Bia Inakutuliza Mkono ama Inakula Doh Yako?

Unajua hii scene. Ijumaa usiku, local imejaa, soo mbili ziko kwa meza na ni turn yako. Umebakisha black peke yake. Ni shot ya kawaida, ile hukosangi ukicheza na mabeshte saa nane mchana. Lakini saa hii watu kumi na tano wanakucheki na fimbo inatetemeka kwa vidole kama imeshikwa na baridi. Msee mmoja hapo nyuma anakuambia, "Boss, piga moja kwanza utulie."

Huyo anakusaidia ama anakumaliza?

Jibu fupi ndio hili. Kama shida yako ni uoga wa watu, bia moja inaweza kuupunguza, na unaweza kucheza vizuri kidogo kuliko vile ungecheza ukitetemeka. Haikuongezei macho wala mkono. Ukifika ya pili ama ya tatu, unapoteza kuliko ulichopata. Na kitu mbaya zaidi ni kwamba ile sehemu ya akili ya kukuambia "buda, umeanza kukosa" ni kati ya zile pombe hugusa mapema kabisa.

Jibu refu linaanza na hesabu kidogo, usitoroke. Mpira wa pool, ule mdogo wa meza za Kiingereza, una upana wa karibu milimita 51. Ule wa Kimarekani ni kama 57. Chukua ule mdogo. White ikigonga mpira wako milimita moja tu pembeni ya pale ulilenga, na shimo liko mita moja mbele, ule mpira utafika pale ukiwa umepotea kwa karibu sentimita mbili. Milimita moja! Kadi ya benki ni nyembamba kidogo tu kuliko hiyo. Na hapo ni shot ya moja kwa moja. Ukikata mpira kwa pembeni, kosa linakuwa kubwa zaidi.

So ukiona mtu anasema "nimekunywa lakini bado niko sawa," pengine ni kweli yuko sawa. Sawa ya kutembea, ya kubonga, ya kutuma M-Pesa bila kukosea namba. Pool inataka usawa wa milimita, na hiyo ndiyo huenda kabla hujaanza kuyumba.

Sasa cheki vile pombe inafanya kazi ndani. Kwanza inalegeza akili. Moyo unatulia, zile macho za watu hazikuchomi tena, na hiyo stimu ya kwanza ndiyo imefanya watu wengi waamini bia ni dawa ya pool. Si uongo mtupu. Wanasaikolojia wawili, Yerkes na Dodson, waliandika tangu 1908 kwamba msisimko kidogo unasaidia kazi lakini ukizidi unaiharibu, na kazi ikiwa ngumu inaharibika haraka zaidi. Msee mwenye presha imepanda sana, ukimshusha kidogo anakaa pale katikati penye anacheza poa. Bia inaweza kumshusha. Pumzi tatu za polepole pia zinaweza, na hizo haziuzwi.

Shida ni kwamba pombe haisimami pale umefurahia. Inaendelea mpaka kwa macho, yanachelewa kufuata mpira na kupima umbali. Halafu kuna sehemu ya ubongo nyuma ya kichwa inaitwa serebela, ndiyo inapanga mkono uende mbele na nyuma kwa mstari mmoja. Hiyo ikiguswa, fimbo inaanza kuchora herufi S bila wewe kujua. Unapiga, unakosa, unalaumu choki.

Na inachelewa kufika, hapo ndipo wengi wanaingia box. Ile bia umemaliza saa hii haijaingia damu yote bado. Inaweza kuchukua nusu saa, saa moja, hata zaidi kama umekula. So unajisikia fiti kwa gemu ya kwanza, unaongeza nyingine juu uko fiti, kumbe zote mbili zinakuja kukutana na wewe kwa gemu ya tatu, wakati doh imeshaongezwa.

Hebu tuhesabu chupa. Tusker ya mililita 500 yenye asilimia 4.2 ina mililita 21 za pombe yenyewe. Mwili wa mtu mzima unatoa karibu mililita 10 kwa saa, wengine chini ya hapo. Kwa hivyo chupa moja ni kama masaa mawili. Tuseme umeanza saa kumi na mbili jioni, na kila dakika 45 unamaliza chupa. Ikifika saa tatu usiku umekunywa nne, yaani mililita 84. Mwili umetoa kama 30. Bado unabeba 54, zaidi ya chupa mbili na nusu, na wewe unaambia watu umekunywa "polepole." Kahawa, maji baridi usoni, kutapika nyuma ya choo, hakuna kitu inaongeza hiyo speed.

Kuna jina wazee wa snooker hutaja kila hii mjadala ikianza: Bill Werbeniuk. (Snooker ni ndugu mkubwa wa pool, meza kubwa, makosa ni ghali zaidi.) Huyu alikuwa Mkanada kutoka Winnipeg, na mkono wake ulikuwa unatetemeka, hali ya kuzaliwa nayo kwa familia. Si uoga. Ni ugonjwa unaojulikana, na ukweli ni kwamba kwa wengi walio nao pombe hupunguza ule mtetemeko kwa muda. Basi Werbeniuk akawa anakunywa ndio acheze. Inasimuliwa alikuwa anapiga kama painti sita kabla ya mechi, halafu moja kwa kila fremu. Painti sita za Uingereza ni kama lita tatu na nusu, karibu chupa saba za hapa kwetu, kabla hajagusa mpira wa kwanza.

Na alicheza! Msimu wa 1983/84 alikuwa namba 8 duniani. Hapa ndipo wasee wa local hufunga story na kuagiza round ingine.

Lakini story haikuishia hapo. Mwili huzoea pombe. Ile kiwango ilikutuliza mwaka jana mwaka huu haikushtui, so unaongeza, na ikiisha mwilini mtetemeko unarudi ukiwa na hasira. Werbeniuk alikuwa pia anatumia dawa ya moyo inayotuliza mapigo na mikono, propranolol. Ile dawa ikapigwa marufuku kwa mchezo, na career yake ikaisha vibaya. Kufika 1990 alikuwa amemaliza. Alikufa 2003 akiwa na miaka 56.

Hizo dawa za aina ya propranolol mpaka leo ziko kwa orodha ya vitu haramu ya WADA kwa michezo ya billiards, pool ikiwa ndani, juu zinatuliza mkono bila kukulewesha. Pombe yenyewe WADA waliitoa kwa orodha yao 2018, wakaachia mashirikisho ya michezo yajipangie. Na ile michezo ilikuwa imebaki hapo mwishowe ni kama ndege, magari, boti na mishale, vitu vinaweza kuua mtu. Mimi nasoma hivi: kinacholindwa sana kwa meza ni dawa ya kutuliza mkono, na bia haihesabiwi kama hiyo dawa.

Najua utaniambia, "Lakini mimi hucheza poa nikiwa juu." Labda. Kwanza jiulize unacheza na nani. Saa nne usiku kila mtu kwa hiyo meza amelewa, na kushinda mlevi hakukufanyi uwe umeimprove. Pili, unakumbuka ile shot moja ya kugonga ukuta mara mbili ikaingia, husahau zile tisa zilienda huko. Tatu, na hii ni ya ukweli, kama hujawahi kucheza pool bila chupa mkononi, basi mwili wako umejifunza pool ndani ya stimu, na ukicheza ukiwa sober unahisi kama umevaa viatu vya mtu. Hiyo inaisha ukicheza sober mara kadhaa.

Unataka kujua yako mwenyewe? Jipime. Enda saa meza iko bure. Panga mpira na white kwa mstari mmoja na shimo la kona, piga 20, beshte aandike ngapi zimeingia. Aandike yeye, usiandike wewe. Siku nyingine rudia baada ya bia moja, ukingoja nusu saa. Siku ingine mbili. Usifanye zote siku moja, juu mkono unapata joto na utadhani ni bia imekusaidia. Na bila pesa mezani.

Pesa, tuongee hiyo. Kwa local yetu kuna jamaa hukaa na Stoney moja usiku mzima. Anacheka na kila mtu, hata anakununulia. Anaanza kubet saa tatu, hawezi kukubali kabla ya hapo. Kitambo nilidhani ni mtu wa dini. Usiku mmoja nilimwachia ngiri moja na nusu, pesa ilikuwa ya tokens na unga, na bado nikaenda keja nikiamini meza ilikuwa imeinama. Kesho yake mchana nilirudi nikaweka mpira katikati nione kama utabingirika. Haukusonga.

Pombe haikufanyi tu ukose shot. Inafanya uchague shot ya wazimu wakati kulikuwa na ya kawaida, halafu inafanya useme "ongeza iwe punch" ukiwa umepoteza tatu mfululizo. Kama lazima ukunywe ukibet, amua kiasi ukiwa mkavu, wacha hiyo pesa pekee mfukoni, na simu mpe mtu asiyecheza. Kula kwanza. Ukifika bia ya pili, gemu ziwe za kicheko.

Na wale wa muguka msijifiche. Hiyo inapandisha mapigo na inaweza kuongeza kutetemeka, halafu unaongeza bia kuituliza. Unakanyaga breki na mafuta pamoja.

Uoga wenyewe una dawa ya bei rahisi. Kabla ya shot, simama wima, vuta pumzi, itoe polepole kuliko vile uliingiza. Inama ukiwa umeshaamua, usiamulie chini. Bonyeza ule mkono wa mbele vizuri kwa meza. Fimbo iende na kurudi mara tatu, kila shot mara tatu, hata ile rahisi. Ukifanya hivyo kwa gemu za bure, siku ya watu kumi na tano mwili unajua cha kufanya.

Ukitoka, boda ama matatu. Alcoblow inakushika ukipita miligramu 0.35 kwa lita ya pumzi, na kwa hiyo hesabu ya chupa nne unaweza kuwa umekaribia ama umepita.

Kitu ya mwisho ni kwa yule amesoma hii yote akijua si uoga. Kama mikono inatetemeka asubuhi, hakuna meza wala watu, na inatulia tu ukitoa loki, huo ni mwili unadai pombe. Hiyo haihusu pool tena. Na usijaribu kuacha ghafla peke yako kwa hasira ya Jumatatu, juu kwa mtu anakunywa sana kila siku, kukata mara moja kunaweza kuleta kifafa, na kunaweza kuua. Enda hospitali, ama piga simu ya NACADA, 1192, ni ya bure. Wakikuuliza unakunywa ngapi kwa siku, taja namba ya ukweli, usitaje ile huwa unaambia mathako.