Mistari Iliyotoweka: Mizushima San-ichiro na Mitetemo ya Molekuli

Mwanaisimu anayethubutu kuandika juu ya mkemia hana budi kujieleza kwanza. Katika fani yetu tumezoea kujenga hoja juu ya kisichoonekana: kiambishi kisichotamkwa, au sauti iliyodondoka ikaacha alama katika silabi jirani. Ndiyo maana nilipokutana na kazi ya Mizushima San-ichiro wa Chuo Kikuu cha Tokyo (Wajapani hutanguliza jina la ukoo, nami nawafuata) sikuweza kuipita. Hoja yake kubwa ilisimama juu ya mistari iliyokuwapo, kisha ikatoweka.

Mizushima alizaliwa mwaka 1899, akamaliza masomo yake ya kemia mjini Tokyo mwaka 1923. Kazi yake ya awali ilihusu mawimbi mafupi ya redio yanavyopita katika alkoholi, naye akapata matokeo yaliyokubaliana na nadharia ya Peter Debye. Baadaye alikwenda Leipzig, Ujerumani, kufanya kazi kwa Debye mwenyewe. Aliporudi nyumbani, swali lililomshika, ambalo halikumwachilia tena, lilikuwa hili: atomu mbili za kaboni zinapounganishwa kwa kifungo kimoja, je, kila moja huzunguka upendavyo mwelekeo wake, au kuna mahali inapopenda kusimama?

Tangu van 't Hoff, katika miaka ya 1870, jibu la vitabu lilikuwa kwamba mzunguko ni huru. Hoja yenyewe haikuwa ya kipuuzi. Kama mzunguko ungezuiwa kabisa, dutu nyingi zingekuwa na maumbo mengi yanayoweza kutenganishwa na kuwekwa kila moja katika chupa yake. Na wakemia, kwa ustadi wao wote, hawakuwahi kuyatenganisha. Kosa lilikuwa katika kudhani kwamba kisichoweza kutiwa chupani hakipo.

Dutu aliyoichagua Mizushima ni dikloroetani, yenye atomu nane tu: kaboni mbili, na kila kaboni imebeba klorini moja na haidrojeni mbili. Klorini huuvuta umeme upande wake. Klorini mbili zikikaa pande zinazopingana kabisa, mivuto yao hubatilishana na molekuli haina ncha za umeme. Zikigeuziana kidogo, ncha hujitokeza. Vipimo vilionyesha kwamba katika hali ya gesi nguvu ya ncha hizo huongezeka kadiri joto linavyopanda. Kama mzunguko ungekuwa huru, isingebadilika. Basi uhuru uliosemwa na vitabu haukuwapo. Lakini kipimo hiki hutoa namba moja tu, ambayo ni wastani wa molekuli zote. Wastani huohuo waweza kutokana na molekuli za maumbo mawili tofauti, au na molekuli za umbo moja zinazoyumba sana. Ilihitajika njia ya kuziuliza molekuli kila aina kwa sauti yake.

Njia hiyo ilikuwa imepatikana Calcutta. Mnamo Februari 1928, C. V. Raman na K. S. Krishnan waliona kwamba mwanga wa rangi moja ukipigwa katika dutu, sehemu ndogo mno hutoka ikiwa imebadilika rangi, na kiasi cha badiliko hilo hulingana na mtetemo wa molekuli yenyewe. Kila molekuli, kwa hiyo, huacha mistari yake katika bamba la picha. Enzi hizo mwanga ulitoka katika taa ya zebaki, na bamba liliachwa saa nyingi likisubiri. Kwa dutu iliyoganda kazi ilikuwa ngumu zaidi, maana fuwele hutawanya mwanga wa taa kila upande na kuifunika mistari hafifu inayotafutwa.

Mizushima, pamoja na Morino Yonezo na wenzao, walipiga picha ya dikloroetani ikiwa kimiminika, kisha ikiwa imeganda chini ya nyuzi 35 chini ya sifuri. Katika kimiminika mistari ilikuwa mingi kuliko umbo moja lenye ulinganifu linavyoweza kutoa. Miwili kati ya iliyo dhahiri ilikuwa katika namba za mawimbi 754 na 654 kwa kila sentimita, na yote miwili yatokana na kifungo cha kaboni na klorini kurefuka na kufupika. Katika dutu iliyoganda, mstari wa 754 ulibaki. Ule wa 654 ulitoweka, na wenzake kadhaa pamoja nao. Ikiyeyuka, hurudi.

Hesabu inatuambia ni nani aliyebaki. Molekuli ya atomu nane ina mitetemo 18. Ikiwa klorini zimepingana kabisa, molekuli ina kitovu cha ulinganifu, na kwa sababu hiyo mitetemo 9 tu huonekana kwa njia ya Raman. 9 mingine huonekana katika mwanga wa infraredi, na hakuna unaoonekana kotekote. Mistari ya dutu iliyoganda ilitii sharti hilo. Basi kimiminika kilikuwa mchanganyiko wa maumbo mawili, na ubaridi uliliondoa moja. Haki yataka niseme kwamba Kohlrausch wa Graz, Austria, naye alikwisha kufikiri juu ya maumbo hayo kutokana na mistari ya vimiminika. Kwa maoni yangu, kugandisha ndiko kulikoamua.

Sasa nije katika uwanja wangu. Umbo la kwanza huitwa *trans*, la pili *gauche*, na majina haya yameenea duniani kote. Msomaji wa Kongo, aliyesoma kwa Kifaransa, atashawishika kutafsiri la pili kuwa «umbo la kushoto». Litakuwa kosa kubwa. Umbo hilo lina namna mbili, moja imegeukia kushoto na nyingine kulia, kama viganja viwili vinavyotazamana, na zote mbili huitwa *gauche*. Neno hilo lapaswa kueleweka kama katika jiometri ya Kifaransa, ambako mstari *gauche* ni ule usiolala katika bapa moja. Kwa hiyo napendekeza «umbo la mshazari», na kwa lile la kwanza «umbo la ng'ambo», kwa kuwa kila klorini iko ng'ambo ya mwenzake. Kamusi pekee isingetufikisha hapo. Ilibidi kuijua molekuli.

Mwaka 1949, Japani ikiwa bado chini ya majeshi ya washindi wa vita, Mizushima na mwanafunzi wake Shimanouchi Takehiko walichapisha katika jarida la wakemia wa Marekani makala fupi juu ya parafini, yaani minyororo ya kaboni kama ile ya nta. Mnyororo ulioganda hunyooka wote katika umbo la ng'ambo, na hapo huonekana mstari mmoja wa mtetemo wa chini sana: mnyororo mzima hurefuka na kujikunja kama akodioni mikononi mwa mpigaji. Mnyororo ukiwa mrefu maradufu, mtetemo hupungua kwa nusu. Kwa maneno mengine, mstari huo ni rula ya kupimia urefu. Laza ilipoondoa taa ya zebaki, Schaufele na Shimanouchi waliifuata sheria hiyo mwaka 1967 hadi katika minyororo mirefu zaidi, na miaka michache baadaye wengine wakaitumia kupimia unene wa fuwele za polietilini, plastiki ya mifuko yetu ya sokoni. Polima hiyo ikiyeyuka, maumbo ya mshazari huingia hapa na pale na mnyororo hujipinda. Swali la dikloroetani limerudiwa mara maelfu katika molekuli moja.

Mizushima alikusanya kazi hiyo katika kitabu juu ya muundo wa molekuli na mzunguko wa ndani, kilichotoka New York mwaka 1954. Mwaka 1961 serikali yake ilimtunukia Nishani ya Utamaduni. Shimanouchi alichukua sehemu isiyo na shangwe: kukokotoa nguvu za vifungo, molekuli baada ya molekuli, mpaka mwaka 1972 Ofisi ya Taifa ya Vipimo ya Marekani ikachapisha majedwali yake ya mitetemo ya molekuli zaidi ya mia mbili. Pamoja na Miyazawa Tatsuo walikuwa wamekwisha kuonyesha, mwaka 1958, mitetemo ya kifungo kinachounganisha viungo vya protini inatokana na nini hasa. Na mwaka 1977 jina la Shimanouchi lilikuwa miongoni mwa majina ya waandishi wa makala iliyoeleza hazina ya kimataifa ya miundo ya protini. Alifariki mwaka 1980. Mwalimu wake alimfuata mwaka 1983.