Waya usiovutwa: kompyuta inavyomsaidia rubani kuongoza ndege

Ukiwa Naliendele ukasikia ndege inashuka kuelekea Uwanja wa Mtwara, huenda ni Bombardier Q400, ile ya pangaboi. Humo rubani akizungusha usukani anavuta kebo za chuma, kama waya wa breki ya baiskeli. Sehemu zinazohitaji nguvu zaidi zinasukumwa na mafuta yenye shinikizo, maana upepo wa huko juu unashinda mkono wa mtu.

Airbus A220 na Boeing 787 Dreamliner, ambazo Air Tanzania ilianza kuzipokea mwaka 2018, ni habari nyingine. Huko waya ni wa umeme, hauvutwi. Rubani akigusa usukani (kwenye A220 ni kijiti tu pembeni mwa kiti) anatuma ombi. Kompyuta inalisoma, inaangalia kasi na pembe ya ndege, halafu inaamuru vibao vya mabawa na mkia vigeuke kiasi gani.

Airbus A320, iliyoanza kubeba abiria mwaka 1988, ndiyo ndege ya abiria ya kwanza kuongozwa hivi kwa kompyuta za kidijitali.

Kebo zikipungua, uzito unapungua. Lakini faida kubwa ni ulinzi. Kwenye A320, mfumo ukiwa mzima, rubani hata akivuta kijiti hadi mwisho, pua haipandi kupita pale mabawa yanaposhindwa kuibeba ndege. Ndege hailali upande zaidi ya nyuzi 67. Boeing wao waliamua tofauti: usukani unakuwa mzito kama onyo, ila rubani akilazimisha anashinda. Nani yuko sahihi? Marubani wenyewe bado wanabishana.

Sasa kompyuta ikizima je? Haiko moja. Boeing 777 ina tatu, na ndani ya kila moja kuna njia tatu zenye chipu za aina tofauti, ili kasoro moja isizikumbe zote. Jenereta zikifa, kuna pangaboi dogo linajitokeza nje na kuzungushwa na upepo.

Kigumu zaidi ni kompyuta nzima kulishwa taarifa za uongo. Tarehe 1 Juni 2009, Airbus A330 ya Air France ikiwa juu ya Atlantiki, barafu iliziba mirija ya kupima kasi. Sehemu ya ulinzi ikajiondoa, marubani wakachanganyikiwa, watu 228 wakafa.

Huku kwetu inayokumbukwa ni Ethiopian 302, iliyoanguka 10 Machi 2019 ikitoka Addis Ababa kwenda Nairobi na kuua watu 157. Wengi wanaulaumu mfumo huu, kumbe siyo. Usukani wa Boeing 737 MAX bado unategemea kebo kwa sehemu kubwa. Kilichoshusha pua ni programu iitwayo MCAS, iliyoamini kipimo kimoja kibovu. Siku hizi inalinganisha vipimo viwili, vikitofautiana inakaa kimya. Air Tanzania ilipokea 737 MAX 9 yake ya kwanza mwaka 2023, baada ya marekebisho hayo.