Kamba Hii na Kamba Huyu

Neno kamba tumelizoea mno hata hatulichunguzi. Hapa Nyamwage mtu hulitaja anapofunga mbuzi. Akishuka kwa wavuvi wa delta hulitaja tena akiwa na maana ya yule mnyama wa majini mwenye sharubu. Nilipokuwa nikifundisha sarufi nilipenda kuwauliza wanafunzi tofauti ya kamba hii na kamba huyu. Upatanisho tu ndio unaotuokoa.

Waingereza neno lao cord walilipata kwa Wafaransa, nao wakalirithi kutoka Kilatini, na Kilatini kutoka Kigiriki, ambako maana yake ilikuwa utumbo, kwani nyuzi za vinanda zilikuwa za utumbo wa mnyama. Kamba zetu ni za mimea: magome ya miyombo, miyaa, na usumba wa nazi. Makumbi hufukiwa matopeni pwani kwa miezi hadi yalainike, kisha hupondwa na nyuzi zake kusokotwa. Kwa kamba za usumba mitepe ilishonwa, haikupigwa misumari. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1, Periplus, kinautaja mji wa Rhapta, ulioitwa hivyo kwa sababu ya mashua zake za kushonwa. Baadhi ya wataalamu huuweka karibu na delta ya Rufiji. Mimi naipenda rai hiyo, ingawa najua mapenzi ya mwenyeji si ushahidi.

Katani ililetwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Kufikia 1964 Tanganyika ilitoa zaidi ya tani 200,000. Kisha zikaja kamba za plastiki.

Lakini ndugu msomaji, kilichonishughulisha zaidi ni maana. Vijana wa mjini husema “amenifunga kamba”, yaani amenidanganya. Na ule msemo wa mbuzi kula kwa urefu wa kamba yake, ambao wazee walituambia ili turidhike na tulicho nacho, umegeuzwa kuwa ruhusa ya kuiba kwa kadiri ya cheo. Mtunza stoo mmoja aliwahi kunijibu hivyo, akicheka, nilipomuuliza habari za mahindi ya wanafunzi. Nikamwambia mbuzi hajifungi mwenyewe; urefu wa kamba hupimwa na mwenye mbuzi. Tukahesabu magunia jioni ileile. Yalipungua mawili.