Kujisaidia na Kusaidiana: Vikundi vya Wanawake Katika Historia ya Kishushe

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza historia ya vikundi vya wanawake wa mashambani nchini Kenya kwa kuzingatia vitenzi viwili vilivyotumika kuvieleza: kujisaidia na kusaidiana. Mfano unaotumiwa ni Kishushe, eneo kavu lililo chini ya milima ya Taita, jirani na hifadhi ya Tsavo Magharibi. Hoja ni kwamba tofauti ya vitenzi hivi si ya sarufi peke yake. Ndani yake mna swali la nani anayewajibika kuuondoa umaskini.

Asili ya ufukara

Hapana budi kuanza na ardhi. Tangu zamani wakulima wa Taita walipendelea kuwa na shamba mlimani na jingine uwandani, ili mvua ikikosekana huku ipatikane kule. Reli ilipofika Voi mwishoni mwa karne ya 19, na baadaye mashamba makubwa ya mkonge yalipoanzishwa Voi na Mwatate, wanaume wengi walikwenda kutafuta mshahara huko na Mombasa. Jembe likabaki mikononi mwa wanawake.

Mwaka 1948 hifadhi ya Tsavo ilianzishwa. Leo takriban asilimia 62 ya eneo la Kaunti ya Taita Taveta imo ndani ya hifadhi za wanyama. Tembo nao hawajui mpaka: mahindi au ndengu za msimu mzima huweza kumalizwa kwa usiku mmoja. Aidha, Kishushe ina madini ya chuma, lakini kuwapo kwa madini ardhini si sawa na kuwapo kwa unga nyumbani.

Vitenzi viwili

Kabla ya usajili wowote, wanawake walilimiana, waliuguzana na kuzikana. Kauli ya kutendana hudai pande mbili, na kila upande hutoa na kupokea. Msingi huo ndio wa upatu wa pwani, ambapo wanachama huchanga fedha na kupokezana kwa zamu.

Mwaka 1952 Maendeleo ya Wanawake iliundwa chini ya serikali ya kikoloni, ikisisitiza usafi, ushoni na mapishi. Tarehe 1 Juni 1963 Jomo Kenyatta aliufanya mwito wa harambee, ambao ni mwito wa watu wanaovuta mzigo kwa pamoja, kuwa wito wa taifa. Hata hivyo, katika lugha ya maofisa vikundi viliitwa vya kujisaidia, tafsiri ya Kiingereza. Kiambishi -ji- humfanya mtenda kuwa ndiye mtendewa. Maskini huwa tatizo na pia dawa ya tatizo hilo. Asiyeondokana na ufukara huonekana kwamba hakujisaidia vya kutosha. Kwamba kitenzi hicho pia ni tafsida ya kwenda haja ni jambo linalojulikana na kila mzungumzaji, na huenda hiyo ni sababu mojawapo ya watu wengi kusema chama tu.

Mipaka ya zamu

Hazina ya serikali ya kuwakopesha wanawake, iliyoanza kazi mwaka 2007, iliutumia mshikamano huo huo: wanachama hudhaminiana, na deni la mmoja huwa la wote. Mpango huu una manufaa kwa mwanamke asiye na hati ya shamba ya kuweka rehani. Lakini zamu hufaa pale tu shida zinapokuja kwa zamu. Huyu akiuguliwa, wenzake wana afya. Yule akifiwa, wengine wana akiba. Ukame na tembo hawangoji zamu. Huwakumba wote katika msimu mmoja, na siku hiyo hakuna mwenye cha kumchangia mwenzake.

Mfano wa jirani unafundisha. Huko Sagalla, karibu na Voi, tangu mwaka 2009 shirika la Save the Elephants limeshirikiana na wakulima kujenga nyua za mizinga ya nyuki. Mizinga hutundikwa kandokando ya shamba na kuunganishwa kwa waya. Tembo akiugusa, nyuki hutoka, naye hurudi nyuma. Asali huuzwa. Utaalamu hutoka nje, ulinzi na utunzaji hutoka kwa wakulima. Huku ni kusaidiana kwa maana kamili, kwa sababu upande wenye uwezo nao umo ndani ya kitenzi.

Hitimisho

Sheria ya mwaka 2022 inavitaja vikundi hivi kuwa vikundi vya jamii, na kitenzi cha kujisaidia hakimo katika jina lake. Badiliko hilo ni jema, lakini jina peke yake halizuii tembo wala halileti maji. Wanawake wa Kishushe hawana upungufu wa bidii. Kilichopungua ni mwenzi wa upande wa pili. Ni wajibu wa wanaisimu na wafasiri kuonyesha kwamba neno linaloteuliwa ofisini laweza kumtwika mtu mzigo, au kumtafutia wa kumtua.