Siti ya dereva haishiki? Toa kebo yake hivi

Kwa dereva anayepita Mlima Sekenke, wilayani Iramba, siti isiyoshika si kero ndogo. Ukipanda, inaweza kurudi nyuma ghafla mguu ukaachana na pedali. Ukishuka na kukanyaga breki, inakusogeza hadi kwenye usukani.

Mara nyingine mkorofi ni kebo: uzi wa chuma ndani ya ala ya plastiki, unaounganisha mkono wa kurekebishia siti na loki yake. Vumbi la barabara za changarawe likichanganyika na grisi, kebo inakuwa nzito na loki hairudi vizuri.

Angalia kwanza

Siti nyingi husogezwa mbele na nyuma kwa chuma cha kuvuta, hazina kebo hapo. Kebo utaikuta zaidi kwenye mkono wa kulaza mgongo wa siti, au kwenye gari la milango miwili. Mulika tochi chini ya siti kabla hujafungua chochote.

Hatua za kuitoa

1. Zima gari, fungua taminali hasi ya betri, subiri dakika 10. Siti nyingine zina mfuko wa hewa wa usalama pembeni. Soketi ya njano ni yake: usiichokonoe wala kuipima kwa testa.

2. Sogeza siti nyuma ufungue boliti 2 za mbele, kisha isogeze mbele ufungue 2 za nyuma. Toyota nyingi hutumia spana namba 14.

3. Chomoa soketi za chini, ilaze siti ubavu, piga picha njia ya kebo.

4. Toa kava ya plastiki ya mkono. Legeza kebo kidogo, kisha pitisha kichwa chake kwenye mfereji wake mpaka kitoke.

5. Bana vishikio vya ala kwa plaizi, sukuma ala itoke. Fanya hivyo upande wa loki pia. Usiweke vidole kwenye springi. Mgongo wa siti unaweza kuruka kwa nguvu.

Kabla ya kurudisha

Ukinunua kebo, nenda na ya zamani. Linganisha urefu wa uzi, urefu wa ala na vichwa vyote viwili. Kebo fupi huiacha loki wazi kidogo bila wewe kujua.

Ukishafunga boliti zote, kaa kwenye siti na uitikise kwa nguvu mbele na nyuma gari likiwa limesimama. Reli zote mbili, kulia na kushoto, lazima zishike. Reli moja ikishika peke yake, siti inaonekana nzima lakini inaweza kuachia kwenye breki kali.

Usifunge loki kwa waya wala kamba ili ufike safari. Bado inacheza? Usiondoke, ita fundi.