Katekista wa Rakunai

Tarehe 19 Oktoba 2025, Papa Leo XIV alimtangaza Peter To Rot kuwa Mtakatifu, wa kwanza katika nchi ya Papua Guinea Mpya. Hakuwa padri wala mtawa. Alikuwa katekista wa kijiji, mume wa mke mmoja na baba wa watoto watatu, naye aliuawa kwa sababu ya ndoa. Ili tuelewe jinsi ndoa ilivyoweza kumletea mtu mauti, yatupasa kwanza kuwajua watu wake.

Hao ni Watolai wa kisiwa cha New Britain, wanaokaa kuzunguka bandari ya Rabaul, chini ya milima ya volkano. Kwao mtoto ni wa ukoo wa mama. Mali yao ya heshima ni tabu, yaani simbi ndogo za baharini zilizotungwa katika nyuzi ndefu. Kwa tabu mtu hutoa mahari na kulipa faini, na siku ya mazishi yake hazina yake hukatwa vipande na kugawiwa waombolezaji. Zamani mkubwa mwenye tabu nyingi aliweza kuoa wake kadhaa, na kazi yao ya shamba ilizidi kumtajirisha. Ndiyo maana kuwa na wake wengi hakukuwa tamaa ya mwili tu. Kulikuwa pia ngazi ya ukubwa. Aliyeomba jambo hilo liachwe alikuwa anagusa mizizi ya utawala.

Injili ililetwa kwao kwa sehemu kubwa na watu wa visiwa wenzao. Mwaka 1875 mchungaji Mmethodisti George Brown alifika pamoja na walimu wa Fiji na Samoa, na miaka mitatu baadaye Wafiji wanne kati ya wahubiri hao waliuawa. Wamisionari Wakatoliki wa Moyo Mtakatifu wa Yesu walifika mwaka 1882. Makao yao makuu yaliitwa Vunapope, maana yake mahali pa Papa.

Huko Rakunai, chifu Angelo To Puia na mkewe Maria Ia Tumul walibatizwa mwaka 1898. Mwana wao Peter alizaliwa mwaka 1912. Padri alipotaka kijana huyo asomee upadri, baba alijibu kwamba wakati haujafika: labda mmoja wa wajukuu. Basi mwaka 1930 akapelekwa katika chuo cha makatekista cha Taliligap, na mwaka 1933 akaanza kazi kijijini kwao. Tarehe 11 Novemba 1936 alifunga ndoa na Paula Ia Varpit, katika kanisa, lakini pia kwa mahari ya tabu kadiri ya desturi. Alichokataa katika desturi ni kile tu kilichomnyima mke nafasi yake.

Januari 1942 Wajapani waliteka Rabaul, na baadaye wamisionari wakazuiliwa. Rakunai ikabaki bila padri. To Rot aliwakusanya watu kwa sala, alibatiza, alitembelea wagonjwa, na aliandika majina ya waliobatizwa na waliooana. Ndoa hizo zilikuwa halali: sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliruhusu wachumba kuoana mbele ya mashahidi tu pale padri asipoweza kupatikana kwa mwezi mzima. Kanisa la kijiji lilipobomolewa, alijenga lingine la matawi porini. Baadaye sala za hadhara zikapigwa marufuku, naye akaendelea kwa siri, katika makundi madogo.

Kisha Wajapani, wakitafuta upendeleo wa machifu, waliruhusu tena ndoa ya wake wengi. Mtihani huu ulikuwa mgumu kuliko ule wa kwanza, kwa kuwa haukutoka kwa mgeni peke yake. Ulipendwa na wakubwa wa Watolai wenyewe, hata na kaka yake To Rot aliyetaka mke wa pili. Yeye alipinga waziwazi. Polisi mmoja mwenyeji, aliyekuwa na tamaa hiyo hiyo, akamshitaki, na mwaka 1945 akafungwa kambini Vunaiara.

Mama na mke walimletea chakula. Siku moja ya Julai alimwambia mama yake kwamba polisi walimtaarifu kuwa daktari angekuja jioni kumpa dawa. Naye hakuwa mgonjwa, kwa hiyo alihisi ni hila. Usiku huo alichomwa sindano, akanyweshwa kitu, akafa. Mwezi uliofuata Japani ilisalimu amri.

Mwili wake ulirudishwa Rakunai. Umati mkubwa ulikuja kumzika kwa heshima ya chifu, lakini polisi walikuwepo, na hakuna aliyethubutu kusali kwa sauti.